Kwaresima Juu ya Kilima Kilichozama

Niliondoka Nkuhungu asubuhi moja ya Kwaresima, na sikuwa nimegombana na mtu. Nasema hivyo kwa sababu watu huuliza. Mwanamke wa umri wangu akionekana barabarani na begi, wanataka kujua nani kamfukuza. Hakuna aliyenifukuza. Mama niliyekuwa namwoshea vyombo kwenye banda lake la chakula Kizota alikuwa mwema, na chumba nilichopanga na mwenzangu kilikuwa na dirisha. Niliamka, nikasikia mvua imekatika, nikakunja kanga mbili na sweta, nikaacha ufunguo chini ya ndoo, nikatoka. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili. Nimepakia mahindi Kibaigwa, nimeuza asali ya watu Manyoni, nimepikia vibarua wa barabara huko Kondoa. Nikishajua mambo ya mahali yanavyokwenda, miguu huanza kuniwasha.

Nilipita Kizota wakati mafundi wa vyuma wanafungua mageti yao, nikaendelea kuelekea mjini. Kwenye uwanja wa kanisa moja nikakuta basi dogo limewashwa na watu wanabishana. Mimi nikikuta watu wanabishana husimama.

Walikuwa wanajumuiya, wengi watu wazima, rozari shingoni na magodoro membamba yamefungwa kwa kamba. Kwenye ngazi ya basi alikaa mzee aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, mikono juu ya fimbo, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Binti yake, aliyemleta kutoka Area D, alikuwa amepigiwa simu kwamba mwanawe amelazwa, kwa hiyo hangeweza tena kusafiri. Alitaka kurudi na baba yake nyumbani. Mzee alikataa kushuka.

"Utaongozwa na nani, baba? Huoni."

"Nitaongozwa na Roho Mtakatifu."

"Roho Mtakatifu atakupeleka na chooni?"

Watu wakacheka. Mzee naye akatabasamu, lakini hakusogea.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya uwanja, akaniona. "Wewe dada mwenye begi, unakwenda wapi?"

"Popote."

"Mkatoliki?"

"Nilibatizwa."

"Hiyo inatosha. Tunakwenda mafungo ya sala, siku mbili, chakula kipo. Kazi yako ni kumshika mzee mkono na kunyamaza."

"Mafungo yako wapi?"

"Melini," akasema, kama mtu anayesema sokoni.

Mafungo ningeyakataa. Meli katikati ya nyika ya Dodoma sikuweza kuikataa. Binti yule alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akaniuliza jina na kwetu, akanionyesha dawa za mzee kwenye mfuko wa koti, kisha akakimbilia bajaji huku akilia.

Njiani kwenda kwenye bwawa la Mtera mwenyekiti alinieleza habari ya meli. Miaka yote walifanya mafungo kwenye hosteli, na miaka yote watu walitoroka. Mmoja alitoka kuabudu akaenda kuuza kuku. Mwingine alikuwa akijibu simu ndani ya sanduku la maungamo. Sasa tajiri mmoja alikuwa ameunda chombo cha kutembeza watalii kwenye bwawa, na watalii hawakuja, kwa hiyo alikikodisha kwa yeyote. "Majini watatorokea wapi?" mwenyekiti alisema. "Kwa mamba?"

Nilimgeukia mzee. "Na wewe babu, unafuata nini?"

Alingoja mpaka mwenyekiti alipohamia viti vya mbele. Kisha akaniambia, taratibu, kichwa kikiwa kimeegemea kioo. Alizaliwa kwenye bonde lile kabla halijawa bwawa. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, wakamzika nyuma ya zizi la ng'ombe, juu ya kiinuko kidogo. Miaka iliyofuata watu walihamishwa na maji yakaja. Yeye akaenda mjini, akawa katekista, akafundisha watoto wa watu sala mpaka nywele zikaisha. Hakurudi. Sasa alikuwa na ugonjwa tumboni, na madaktari walikuwa wamemwambia binti yake amuuguze tu nyumbani.

"Nataka kumuaga mama," alisema. "Padre amekubali. Kesho kabla ya Misa ya kufunga mafungo tutapita pale, atasali sala ya marehemu. Lakini mjukuu wangu, mimi sioni. Itabidi unionee."

Kisha akafungua koti akanionyesha chupa ndogo ya plastiki. Ndani mlikuwa na maji meupe mazito. Unga wa uwele, alisema, uliokorogwa na maji, kama walivyofanya wazee wake wakienda makaburini. Mama yake hakubatizwa. Sala ya padre angeisikia kama mgeni anavyosikia lugha ya watu, unga angeujua.

"Usimwambie mtu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakataza watu."

Meli haikuwa meli. Ilikuwa boti ya chuma ya ghorofa moja, nyeupe, yenye paa la bati na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa waya. Nimekaa karibu na mafundi wa Kizota vya kutosha kujua kuchomelea kubaya nikikuona, na ile ilikuwa imechomelewa vibaya. Nahodha alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kufuma, Mwislamu wa mjini Dodoma ambaye babu zake walikuwa Wanyamwezi waliokuja na misafara. Alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye bwawa hilo. Aliposikia mzee ni Mgogo, uso wake ulifunguka.

"Kumbe mtani wangu. Shikamoo, mzee wa njaa."

"Marahaba, mpagazi. Bado mnabeba mizigo ya watu?"

"Leo nabeba Wagogo. Ni mzigo mzito na haununuliki."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani ndiye anayejilaza ndani ya kaburi kabla ya maiti, ndiye anayeiga marehemu alivyokuwa akikohoa, na hakuna anayemkasirikia.

Padre alikuwa kijana, mwembamba, mwenye saa kubwa. Alitangaza sheria moja: kuanzia tukiondoka ufukweni, hakuna neno hata moja kutoka kinywani mwa mtu ila wakati wa sala, mpaka Misa ya kufunga kesho. Mtu akiwa na jambo, aonyeshe kwa mkono. Mzee na mimi tungeruhusiwa kuzungumza kesho tutakapokuwa tunatafuta mahali pake, kwa sababu kipofu hawezi kuonyeshwa kwa mkono.

"Na mimi?" nahodha aliuliza.

"Wewe si wa mafungo."

"Basi mhubiri ni mimi."

Siku ile ya kwanza siitamani tena. Jua lilichoma bati, bati likatuchoma sisi. Harufu ya dizeli iliingia kwenye uji. Padre alihubiri juu ya kifo, mchana kifo cha mwili, jioni kifo cha dhambi, na katikati tulikaa tukitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Miti iliyokufa wakati bonde linajaa, ambayo nilisikia huwa imesimama majini kama nguzo, ilikuwa imezama yote isipokuwa ncha, na juu ya kila ncha alikaa ndege mweusi ametandaza mbawa. Kunyamaza kwa watu wengi pamoja si kimya. Kuna matumbo, kuna kikohozi, kuna mwanamke anayelia bila kuzuia kwa kuwa anajua hakuna atakayemwuliza. Mimi, ambaye kuuliza ndiyo kazi yangu, nilihisi kama nimefungwa kamba ulimi. Mzee hakula. Alinywa maji na dawa, akashika chupa yake ndani ya koti. Tulilala tumefunga boti ufukweni, bega kwa bega, kama magunia.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali. Nahodha aligeuza boti kuelekea kusini, kwenye vilima, na mzee akanikalisha mbele, mkono wake juu ya bega langu.

"Utaona kilima kirefu kama ng'ombe aliyelala," alisema. "Umekiona?"

"Nimekiona, babu. Kichwa kiko kushoto."

"Nyuma yake kuna kimoja kidogo, kimechongoka. Kiko wapi?"

"Kiko mgongoni mwa ng'ombe."

"Bado. Ukisimama kwa mama, kinakaa shingoni. Kikikaa shingoni barabara, uko nyuma ya zizi letu."

Nikampungia nahodha asogee kushoto. Boti ikasogea. Kilima kidogo kikaanza kutembea juu ya mgongo wa ng'ombe, polepole, na watu wote wakasogea mbele kutazama. Kwenye boti nzima zilikuwa sauti mbili tu, yangu na ya yule mzee, na injini. Nilihisi masikio yote nyuma yangu.

"Sasa?"

"Kiko kwenye bega."

"Vizuri. Kiangazi kikikaza, kiinuko chetu hutoka majini. Niliambiwa wavuvi huanika nyavu juu yake. Sasa?"

Sasa mvua ilikuwa imeingia kati ya vilima. Niliiona ikishuka kama pazia la kijivu, ikafunika kichwa cha ng'ombe, kisha shingo, kisha kile kilima kidogo.

"Kimepotea, babu. Kuna mvua."

"Tusubiri."

Tulisubiri. Mawimbi yalianza kupiga ubavu wa boti, na chuma kikalia pale kilipochomelewa vibaya. Mwanamke mmoja alitapika nje ya boti. Mwingine akaanza kuhesabu rozari yake haraka mno. Nahodha, aliyekuwa nyuma kwenye usukani asikoweza kuona nyuso zetu, alipaza sauti kwamba akizunguka pale nusu saa nyingine mafuta yataisha, tutarudi kwa kupiga makasia, na makasia hana.

Ndipo nilipogeuka nikawaona. Wote walikuwa wakinitazama, na wote walikuwa wakiniambia jambo moja kwa mikono. Mwenyekiti alinyoosha kidole chini, majini, kisha akatikisa kichwa juu na chini: mwambie ni hapa. Mzee mwingine aliunganisha viganja kama anayeomba. Mwanamke aliyetapika alinionyesha mdomo wangu, akanionyesha mzee, akafunga macho. Watu waliokuja kukaa karibu na Mungu walikuwa wananisihi nidanganye, na hawakuvunja sheria, kwa sababu hakuna aliyefungua kinywa.

"Mjukuu," mzee alisema. "Kimetoka?"

"Hakijatoka, babu."

Mikono ikashuka. Mwenyekiti alinitazama kwa macho ambayo bado nayakumbuka. Uso wa mzee ulikuwa umelowa, mvua ilikuwa imetufikia. Padre akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee," alisema, "tumefika. Ni hapa."

Mzee hakuuliza swali. Kama ningesema mimi, angeuliza. Alisema, "Asante, padre," akapiga magoti kwenye sakafu ya chuma, akauliza upande ulipo ukingo, nikamsogeza. Nahodha alizima injini. Padre akafungua kitabu akaanza kusali, na watu wakaitikia, kwa kuwa sala iliruhusiwa, na niliwasikia wakiitikia kwa nguvu kama watu waliotua mzigo.

Nahodha alikuja mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ili tusipelekwe kwenye visiki. Aliona mzee amepiga magoti, akaona padre anasali, akaelewa tumefika kaburini. Alikuwa mtani. Kwao mtani akikaa kimya kaburini, ni dharau. Akazamisha upondo ushike ardhi. Ukaingia. Akainama, mkono ukaingia majini mpaka kwenye kwapa, na mti haukugusa kitu.

"Eh, mtani," alisema kwa furaha, "mama yenu mlimzika mtoni? Au Wagogo mlikuwa mnazika kwenye kisima ili mpate maji?"

Alingoja mzee amrudishie matusi. Sala ilikatika. Mtu mmoja alianza kucheka, kisha akaacha.

Mzee alicheka. Alicheka kama mtani anavyotakiwa kucheka, kidogo, kisha akaacha. "Haugusi?"

"Haugusi, mzee wangu. Pana kina kirefu sana hapa."

"Kwetu palikuwa juu," mzee alisema. "Ukisimama kwetu, mto unauona chini." Akageuza uso upande alikodhani padre yuko. "Padre, ulikiona kilima?"

Padre alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani. "Sikukiona, mzee. Nilitaka upumzike."

"Kupumzika nitapumzika tu, padre. Hilo halina haraka."

Nahodha alikuwa amesimama na upondo unaochuruzika, anatutazama mmoja mmoja. "Nilikuwa natania," alisema. "Jamani, nilikuwa natania tu." Watu walikuwa wamerudi kwenye ukimya wao.

Mzee aliponyanyuka, koti lilifunguka na chupa ikaanguka ikaviringika mpaka miguuni pa mwenyekiti. Aliiokota. Aliitikisa, akaona ule weupe ukijichanganya, na akavunja mafungo.

"Katekista. Hii ni ya nini?"

"Ni uji wa mama yangu."

"Mama yangu mimi ulimpeleka kwa paroko kwa sababu ya chupa kama hii. Akakaa mwaka mzima bila komunyo. Alikufa kabla mwaka haujaisha."

"Nakumbuka," mzee alisema. "Nilimpeleka mimi."

Nilidhani ataitupa majini. Aliishika muda mrefu, mvua ikiteremka usoni kwake, kisha akaja akaisukuma ndani ya mfuko wa koti la mzee, kwa nguvu, kama mtu anayepachika kisu alani, akarudi kukaa. Misa ya kufunga ilisomwa tukiwa njiani kurudi. Mzee hakupokea komunyo, na padre hakumsogelea.

Ufukweni, basi lilipoanza kupakia magodoro, mzee aliketi juu ya jiwe akasema haondoki. Mwanzoni walidhani amechoka. Walimbembeleza, wakamkemea, wakamkumbusha Mungu. Alisema hana hasira na mtu. Alisema kosa ni lake, alidhani juu ya maji ingetosha, kumbe angewalisha samaki. Alitaka udongo. Maji yakipungua kiinuko kitatoka, naye atakuwepo.

"Yatapungua lini?" mwenyekiti aliuliza. "Hata masika hayajaisha."

"Nimesubiri miaka mingi kwa uvivu. Hii nitasubiri kwa makusudi."

Walimpigia binti simu, nikapewa niongee kwa sababu wengine walikuwa wanalia. Alikuwa wodini, nikasikia watoto nyuma yake.

"Nani atakaa naye?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe nani hasa?"

Nilimwambia ni yule dada wa begi. Akasema mwanawe bado hali si nzuri, atakuja kumchukua baba yake mwenyewe akipata nafasi, kwa nguvu kama itabidi, na nisimwache alale bila dawa. Padre alimbariki mzee kabla ya kupanda basi. Aliweka mkono juu ya kichwa chake, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa.

Sikubaki kwa wema. Nilitaka kujua kama kile kilima kidogo kinakaa shingoni kweli. Na sikuwa na mahali pengine.

Tulitembea polepole kwenye kijiji cha wavuvi kando ya barabara ya Iringa, yeye kanishika bega, tukipita vichanja vya samaki waliolowa mvua. Kijiji kilikuwa na nyumba moja ya wageni, ya tofali za kuchoma, mwenyewe mama mrefu aliyekuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Nilimsalimia, mzee naye akaitikia shikamoo ya mama yule. Nilimwuliza kuhusu kiinuko.

"Kile cha kuanikia nyavu? Nakijua. Hutoka mwezi wa kumi na moja." Akapuliza magamba kutoka vidoleni. "Mvua zikiwa kama hizi, mwaka mwingine hakitoki kabisa."

Mzee alisikia. Akaipapasa chupa ndani ya koti.

Mama yule alimtazama, akatazama koti, akatazama miguu iliyovimba. Aliuliza tutakaa mpaka lini, nikasema mpaka maji yapungue. Akainuka, akachukua ufunguo, akatufungulia chumba cha mbele, kinachotazama barabara, malori yakipita ukuta unatikisika. Nilimwomba chumba cha uani. Nilikuwa nimekiona, kilikuwa na kivuli na mti wa mlimao mlangoni.

"Kule kizuri zaidi," alikubali. Alikuwa anatandika shuka, na alisema bila kupunguza sauti, kama anavyosema mtu aliyekwisha kuona jambo lile likitokea. "Lakini korido ile ina kona. Jeneza halipiti."

Mzee alipapasa kitanda, akakaa, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dodoma. "Hapa panafaa," alisema. Nikauliza kama kuna chandarua.